Uwele wa Sila

Mazoezi ya mchezo yalifanyika alasiri katika banda la mizigo la stesheni ya Dodoma, kwa kuwa ndilo peke yake lililokuwa na sakafu ya saruji na kivuli cha kuwatosha wachezaji wote. Kabla ya kuanza, Loisi alifagia vumbi la kokoto, akanyunyiza maji kidogo, kidogo sana, maana tangi la reli lilikuwa na askari wake na hata maji ya kufagilia yaliombwa. Kisha akajifunga upya kaniki yake, akapanda juu ya kasha la misumari ambalo siku hizo lilikuwa roshani, akangoja kupendwa.

Mchezo wenyewe ulitoka kwao Bi Miwani, mke wa mhandisi Mjerumani, ambaye watu wa reli walimwita hivyo kwa sababu iliyokuwa puani pake. Ulihusu kijana na binti wa koo mbili zisizosalimiana. Wanapendana kwa siri, kila mmoja anaota ndoto yake, kila mmoja anakosea kuiagua, na mwishoni wanakufa wote wawili. Bi Miwani alitaka uchezwe kwa Kiswahili siku ya kuzaliwa Kaisari, mwisho wa Januari, mbele ya wakubwa wa boma. Alikuwa mama mwema kwa namna yake. Aliwapa wachezaji chai, na aliamini kabisa kwamba Wagogo, kwa kuwa hawakuwa na jumba la michezo, hawajawahi kuona watu wawili wakipendana na kukatazwa.

Loisi na Sila walikuwa wakipendana na kukatazwa tangu kipupwe. Sila alivunja kokoto za reli. Hakuwa na baba wala ng'ombe, na mbele ya Mzee Matonya, baba yake Loisi, upungufu huo ulitosha kumfanya mtu asionekane hata akisimama mlangoni mwa tembe akibisha hodi. Loisi alimpenda kwa sababu alicheka kwa sauti, na kwa sababu alipomsikiliza mtu aliacha kazi ya mikono. Alimpenda mno, na hakuona haja ya kujipa sababu nyingine. Sasa Mzungu mzima alikuwa akiwalazimisha wasimame jua likiwaka, mbele za watu, waambiane wanapendana. Loisi hakukosa mazoezi hata siku moja.

Aliyeyatia maneno ya mchezo katika Kiswahili ni karani Hassani, mtu wa Kolo, huko Kondoa, aliyesoma shule ya serikali pwani na aliyevaa kanzu nyeupe hata siku za upepo. Pale kijana anapoeleza ndoto yake, Hassani aliandika: "Nimeona njozi kwamba nimekufa, na mpenzi wangu amekuja." Bi Miwani akapima mstari kwa vidole, akakuta vidole vimekwisha na maneno bado. Akafungua kamusi, akaikata njozi, akaandika: "Nimeota nimekufa, na mpenzi amekuja."

"Neno hilo lina kazi nyingi, bibi," Hassani alisema kwa adabu. "Mtu huota, mbegu huota, na wazee huota jua."

"Vizuri," alisema Bi Miwani. "Neno lenye kazi nyingi ni neno zuri."

Sasa, Kigogo kina neno lake la ndoto na neno lake la mbegu, na mawili hayo hayajawahi kugongana njiani. Kiswahili Sila alikuwa amekiokota relini, kipande hapa, kipande pale, na neno kuota alikuwa amelipata kwa msimamizi mmoja aliyepanda mchicha nyuma ya hema lake na kuuliza kila asubuhi kama umeota. Hiyo ndiyo maana aliyoijua. Mtu husema lugha ya kuazima kwa uaminifu kuliko ya mama yake, maana hana maneno ya ziada ya kuzungukia. Basi Sila alisimama katikati ya banda, akaweka mkono kifuani kama alivyoelekezwa, akasema, "Nimeota," na mche wa uwele ukachomoza juu ya mtulinga wake wa kushoto.

Ulikuwa mche mzuri, wa kijani, wenye majani yaliyokuwa bado yamejikunja. Bi Miwani alimwomba Sila ageuke kidogo ili yasije yakaziba uso wake. Mazoezi yakaendelea mpaka garimoshi la jioni lilipopiga honi. Kulipopambazuka mche ulikuwa umepita kichwa chake na umebeba suke, na Sila alikwenda kazini hivyo hivyo, akiinamisha shingo milangoni.

Loisi naye alikuwa na mstari wake. Binti wa mchezo huota harusi: ngoma, vyakula, na watu wa koo zote mbili wakicheza pamoja. "Nimeota harusi yetu," ndivyo alivyotakiwa kusema. Yeye alijifunzia Kiswahili misheni, ambako wanaoota ni waliolala, kwa hiyo hakumea chochote. Lakini mstari ulimchoma kama mwiba wa samaki, na siku moja aliteremka kwenye roshani akamwendea Bi Miwani, karani Hassani akiwa katikati yao kufasiri.

"Bibi, naomba tubadilishane. Yeye aote harusi, mimi niote kifo."

"Haiwezekani," alisema Bi Miwani. "Kijana anaota amekufa, anafurahi. Anafurahi bure! Ndoto inamwonyesha kifo chake, na yeye anaiona heri. Hapo ndipo penye huzuni ya mchezo."

"Lakini ni heri, bibi. Kwetu ndoto hugeuka. Aliyeota kifo ataoa. Aliyeota harusi, watu wa kwake wachimbe kaburi. Huyu kijana ameagua sawasawa. Mimi ndiye niliyepotea, ninashangilia msiba."

Bi Miwani akasema hiyo ni imani ya kupendeza sana, akaiandika pembeni ya karatasi yake. Mstari haukubadilishwa.

Mwaka huo mbegu za watu hazikuota. Mvua ya Desemba ilinyesha kiasi cha kuzidanganya tu, kisha mbingu ikafunga. Watu walipanda, wakafukua, wakapanda tena. Januari ilipoingia, ardhi yote kutoka stesheni mpaka milimani ilikuwa na rangi ya mgongo wa punda, na mahali pekee palipokuwa na uwele uliosimama ni mwilini mwa Sila.

Alikuwa amejua la kufanya. Alisema mstari wake banda la mizigo, akausema machimboni akivunja kokoto, akausema nyumbani kwake alfajiri kabla ya uji. Kila alipousema palitoka mche: begani, kwenye viwiko, kwenye magoti. Loisi ndiye aliyemvuna, kwa kisu kidogo, taratibu, kama mtu anavyomnyoa mtoto.

"Inauma?"

"Kama jino linapoota," alisema Sila, akacheka, kisha akanyamaza kwa kuwa lilikuwa neno lile lile na ng'ambo ya shingo yake jani lilikuwa limeanza kujitokeza.

Watu walikuja kuhemea chakula kwake, kama walivyohemea zamani Kondoa na Usandawe miaka ya njaa, wakiswaga mbuzi na ndama waliokonda. Sila aliwapimia uwele, wao wakamwachia mifugo. Wajane hakuwapokelea kitu. Zizi la kuazima alilofungia mifugo likaanza kutoa harufu ya zizi la kweli, na Mzee Matonya, ambaye pua yake haikuwa mbovu, akaanza kumwona Sila hata akiwa mbali.

"Mbukwa, baba," Loisi alimsalimu jioni moja.

"Mbukwa. Keti." Matonya alitafuna kidogo ugoro wake. "Nasikia kijana wako ametangaza mbele za watu kwamba ameota amekufa."

"Ni maneno ya mchezo, baba."

"Maneno ni maneno. Mtu aliyeota kifo afanye nini kama si kuoa? Nani amwagulie vinginevyo? Mimi sitashindana na ndoto." Akatema. "Halafu, mkwe mwenye ng'ombe, ng'ombe zake huweza kufa. Mkwe aliye shamba, huyo nimemsikia kwa mara ya kwanza."

Siku ile ng'ombe wa mahari walihamia zizini kwa Matonya, na harusi ikapangwa baada ya sikukuu ya Kaisari. Loisi alipaswa kufurahi, na alifurahi. Lakini alipomvuna Sila kesho yake alihisi mifupa ya bega chini ya kisu, na kamba aliyojifungia suruali ilikuwa imezunguka kiuno mara mbili. Alimwomba aache. Ng'ombe walikuwa wametosha, kwa nini aendelee?

"Bado mchezo," alisema Sila. "Nikisema mara moja tu siku ile, basi. Sitalisema tena mpaka kufa."

Siku ya kuzaliwa Kaisari bendera zilitundikwa banda zima, na viti vya wakubwa vikapangwa mbele. Nyuma walisimama watu wa mji na askari. Sila alitoka akasema mstari wake, na kwa kuwa alitaka kuumaliza vizuri, aliusema kwa moyo wote. Uwele ukamtoka mabegani, mgongoni, mikononi mpaka kwenye vifundo vya vidole, na hapo hapo ukabeba masuke mbele ya hadhara. Wakubwa walipiga makofi. Watu wa nyuma hawakupiga. Walikuwa wanatazama masuke tu, na matumbo yao yalisikika.

Ikafika zamu ya Loisi. Alipanda roshani, akafungua mdomo, na neno halikutoka. Alikuwa na hofu, hofu ya wazi, ya mtu aliyeshika jiwe juu ya mtungi. Bi Miwani akamnong'oneza mstari kutoka nyuma ya turubai. Akamnong'oneza tena. Loisi akasema, "Nimeota harusi yetu," haraka, akitazama chini.

Bwana Mkubwa wa boma akainua mkono, mchezo ukasimama. Hakuuliza maana ya ndoto, wala koo mbili zile ziligombania nini. Alimwita karani Hassani, akauliza yule anavunwa mara ngapi.

"Kila anaposema, bwana," Hassani alijibu. Aliulizwa, akajibu, ndiyo kazi aliyosomea.

Bwana Mkubwa akaeleza, bila ukali wowote, kwamba reli ilikuwa inaelekea magharibi, kwamba vibarua wake walikuwa hawana posho, na kwamba mazao yoyote yaliyosimama wakati wa njaa yako chini ya ulinzi wa serikali. Askari wawili wakamchukua Sila na mavazi yake ya mchezo, wakitembea polepole ili punje zisimwagike. Bi Miwani alisikitika sana siku hiyo, maana kitendo cha mwisho hakikuchezwa.

Sila alisimamishwa katika ua wa boma, karibu na pipa la maji, mahali penye udongo mzuri. Juma halijaisha alikuwa amezamisha mizizi na hakuhitaji tena kamba. Alikabidhiwa kwa shaushi mmoja wa askari, Mbwana, mtu wa Manyema aliyeacha familia yake mbali na ambaye alipenda kazi zenye utaratibu. Kila asubuhi shaushi alisimama mbele yake, akasema, "Sema." Sila akasema. Askari wakavuna. Punje zilipakiwa kwenye behewa kwenda kwa vibarua, na pumba ziligawiwa watu wa mji, waliopanga foleni nje ya lango tangu alfajiri. Mzee Matonya alikuwa katika foleni. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi, alisema, na alisema kwa aibu, maana pumba zile alizipenda.

Kwa kuwa Loisi alikuwa amezoea kuchota maji, alipewa kazi ya kumnywesha. Hivyo wawili waliokatazwa tangu kipupwe sasa waliruhusiwa kuonana kila siku, kwa amri. Loisi alimmwagia maji miguuni, kisha akamshikia kata anywe. Alimpangusa vumbi kwenye majani. Usiku alilia nyumbani, na asubuhi alirudi.

Akafikiri. Ugonjwa ulikuwa wa neno, na dawa itakuwa ya neno. Akaanza kumfundisha.

"Sila, kuota si mbegu peke yake. Mtu akilala, akaona vitu, hiyo nayo ni kuota. Ndiyo maana ya kwenye mchezo. Ukilisema, fikiria usingizi. Usifikirie shamba."

"Usingizi nimeusahau," alisema Sila. "Nasimama tu."

"Lala hivyo hivyo. Mbona farasi hulala wamesimama?"

Ilimchukua muda. Halafu usiku mmoja alilala kweli, wima, na akaona vitu. Asubuhi shaushi Mbwana alikuja, akasema, "Sema," na Sila, akimtazama Loisi aliyekuwa na mtungi, akasema polepole kama mtu anayeonja chakula kipya: "Nimeota. Nimeota nimekufa, na wewe umekuja."

Hakuna kilichochipua. Ngozi yake ilibaki ngozi. Loisi aliutua mtungi chini, na kwa muda mfupi alikuwa na furaha kuliko alivyopata kuwa nayo tangu azaliwe.

Shaushi akangoja. Akamwambia aseme tena; akasema tena; ngozi ikabaki ngozi. Nje ya lango foleni ilikuwa ndefu na watoto walikuwa kimya. Shaushi Mbwana hakuwa mtu wa hasira. Alivua koti, akalikunja, akachukua kiboko, akampiga hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kama sheria ilivyoelekeza, bila kuzidisha. Na kila kiboko kilipopita uwele ukaota, kwa mistari, iliyonyooka kuliko mashamba ya misheni.

"Kumbe neno halikuhitajika," shaushi alimwambia Hassani, aliyekuja kuandika taarifa. Tangu hapo hakumwambia tena Sila aseme. Ilionekana pia kwamba kiboko kilikuwa kinafanya kazi mbili kwa mpigo mmoja: kilipukutisha uwele wa jana na kuotesha wa kesho, na Bwana Mkubwa akasifu utaratibu huo.

Loisi alikwenda kwa baba yake akasema anataka kuolewa. Alisema kwa sauti ambayo Matonya hakuwahi kuisikia kwa mwanamke wala kwa mwanamume, na mzee hakubisha. Ng'ombe walikuwa zizini kwake, mwenye ng'ombe alikuwa hai, na yeye Matonya alikuwa mlafi lakini si mwizi. Alimsindikiza bintiye mwenyewe mpaka ndani ya ua wa boma. Hapakuwa na pombe kwa kuwa hapakuwa na nafaka, isipokuwa ile iliyokuwa imesimama pale ikioa. Wanawake walioruhusiwa kuingia waliimba kwa sauti ya chini ili wasimwamshe Bwana Mkubwa, aliyekuwa amejipumzisha baada ya chakula. Sila alicheka kwa sauti, mara moja. Jioni Loisi alitandika mkeka wake miguuni pa mumewe, baina ya mizizi, na akawa anaishi hapo.

Mwaka uliofuata mvua zilinyesha vizuri. Mashamba ya watu yaliota, yakabeba, yakavunwa, na foleni ya langoni ikapungua mpaka ikaisha. Watu walirudi kwenye tembe zao na kula ugali wao wenyewe, na kama ilivyo kawaida ya walioshiba, wakampita Sila bila kumtazama sana. Loisi alivaa nguo yake nzuri, akaenda kumwona Bwana Mkubwa, Hassani akifasiri.

"Mwambie mvua imenyesha. Njaa imekwisha, hakuna anayemhitaji tena. Namwomba mume wangu. Nitamchimbua mwenyewe, taratibu, nimpeleke hata huko kwenu Kolo kwenye chemchemi, mizizi yake isikauke."

Hassani alifasiri yote, kwa Kijerumani safi, na jasho lilimtoka chini ya kofia. Bwana Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akajibu kwa ufupi, akarudia karatasi zake.

"Anasema shamba la serikali halihamishwi," alisema Hassani. "Reli haijafika Tabora." Akafuta jasho. "Anasema pia umelitunza vizuri." Walipotoka nje akaongeza la kwake, akitazama pembeni: "Samahani, shemeji."

Loisi akarudi uani. Sila alikuwa ameona nguo nzuri ikienda na ikirudi. Loisi alimnywesha maji.

Asubuhi shaushi Mbwana akaja, akavua koti, akalikunja. Masuke ya jana yalikuwa yamekauka barabara, na siku kama hizo, kiboko kinapotua, punje huruka mbali na kuangukia mchangani, ambako kuku wa boma huzila. Loisi hakutaka mumewe aliwe na kuku. Alichukua ungo, akasimama karibu. Shaushi akamwambia asogee kidogo asije akaguswa. Akasogea kidogo, akakinga ungo.